Mwenye hati ndiye mwenye babu

Januari 1625 makarani wa koloni la Virginia, Amerika ya Kaskazini, walipita nyumba kwa nyumba wakihesabu watu. Miaka mitatu nyuma Wapowhatan, wenyeji wa eneo hilo, walikuwa wamewashambulia walowezi na kuua 347, kwa hesabu ya Kampuni ya Virginia. Mwaka 1624 Mfalme James wa Kwanza akaifuta kampuni hiyo na kulichukua koloni mikononi mwake, na London ikataka kujua nani kabaki hai, ana mahindi kiasi gani, bunduki ngapi na baruti kiasi gani. Orodha waliyoitengeneza ipo mpaka leo. Iko Kew, magharibi mwa London, kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza, katika fungu la karatasi za makoloni lenye alama CO 1/3.

Watu kama 1,200 wamo humo. Mwingereza wa kawaida, hata kijana mtumishi wa mkataba asiye na mbele wala nyuma, mara nyingi ameandikwa jina, umri, meli aliyokuja nayo na mwaka aliofika. Halafu unafika nyumbani kwa Sir George Yeardley, aliyewahi kuwa gavana. Baada ya familia yake na watumishi wake karani ameandika: wanaume weusi 3, wanawake weusi 5. Basi. Waafrika waliohesabiwa koloni zima walikuwa 23, na wengi wao hawana jina. Wachache wanalo. Kwa Kapteni William Tucker wapo Antoney na Isabell, na mtoto wao William, aliyebatizwa. Kwa Kapteni William Pierce, pale Jamestown, makao makuu ya koloni, yupo mwanamke aitwaye Angelo, na yeye kwa bahati ametajiwa hata meli: Treasurer. Hao ni miongoni mwa watu wa mwanzo kutoka upande wa Angola kufikishwa katika koloni hilo la Waingereza, kuanzia mwaka 1619.

Leo orodha hiyo ni mali kubwa kwa anayetaka kuthibitisha kwamba ametoka kwa walowezi wa kwanza. Marekani kuna vyama vingi vya nasaba ambavyo huingii kwa kazi uliyofanya wala kwa imani yako. Unaingia kwa babu. Jamestowne Society, kilichoanzishwa 1936, kinapokea wazao wa waliohusika na Jamestown na uongozi wa Virginia kabla ya 1700, wakiwemo wanahisa wa Kampuni ya Virginia ambao wengine hawakuvuka bahari kabisa. Chama cha wazao wa abiria wa meli ya Mayflower kilianza 1897. Daughters of the American Revolution, au DAR, kilianza 1890 kwa ajili ya wanawake waliotokana na mtu aliyesaidia uhuru wa Marekani. Vyote vina sharti moja kuu: lete hati inayomuunganisha kila mtoto na mzazi wake, kizazi baada ya kizazi, mpaka umfikie huyo babu.

Vyama hivi vinasema vinapima damu. Kwa maoni yangu wanachokipima hasa ni uamuzi wa karani: nani aliandikwa, nani aliandikwa kama mtu, na nani aliandikwa kama idadi. Sharti la hati kwa kila kizazi likiachwa lilivyo, uamuzi wa yule karani wa 1625 unapitishwa upya kila fomu inapokataliwa.

Damu yenyewe haina uzito mkubwa kiasi hicho. Mwaka 1783 maafisa wa jeshi la George Washington waliunda Society of the Cincinnati, chama ambacho nafasi ya baba ingerithiwa na mwanawe wa kwanza wa kiume. Januari iliyofuata Benjamin Franklin, akiwa Ufaransa, alimwandikia binti yake Sarah barua ya kukipinga, tena kwa hesabu. Mtoto ana nusu tu ya baba yake, mjukuu ana robo, kitukuu ana thumni. Ukifika kizazi cha tisa, aliyebaki na heshima ya afisa yule ana sehemu moja kati ya 512. Franklin aliona Wachina wana busara zaidi, kwa kuwa kwao heshima ya mtu hupanda kwa wazazi waliomlea, haishuki kwa watoto ambao hawakufanya lolote. Hesabu yake haijapata jibu hadi leo. Mtu wa sasa akirudi nyuma vizazi 12 ana nafasi 4,096 za mababu na mabibi. Chama kinamuenzi mmoja, na mara nyingi ni yule aliyeacha karatasi.

Ni nani basi aliyeacha karatasi?

Wengi wanaoanza safari hii wanadhani kuna orodha ya abiria kwa kila meli iliyotoka Uingereza kwenda makoloni. Hakuna. Orodha za abiria waliotoka bandari za Uingereza, zilizohifadhiwa Kew kwa utaratibu unaoeleweka, zinaanzia 1890. Kabla ya hapo serikali iliandika watu pale tu ilipokuwa na wasiwasi nao. Mwaka 1635 makarani wa bandari ya London waliandika maelfu ya wasafiri, karibu 5,000 kati yao wakielekea makoloni ya Amerika na visiwa vya Karibi, kwa sababu Mfalme Charles wa Kwanza hakutaka walipa kodi wala wapinzani wa kanisa lake wamponyoke bila kiapo cha utii. Kuanzia 1654 mji wa Bristol uliandika watumishi wa mkataba kama 10,000 waliopita bandarini kwake, kwa kuwa malalamiko yalizidi kwamba vijana wanatekwa mitaani na kuuzwa ng'ambo. Sheria ya 1718 ilirahisisha kupeleka wahalifu makoloni, na wafungwa kama 50,000 wakapelekwa kabla ya vita vya uhuru. Hao kesi zao zimeandikwa kwa undani, mpaka shati lililoibwa na bei yake. Mwishoni mwa 1773 forodha iliagizwa kuandika tena wanaoondoka, umri wao, kazi zao na sababu za kuondoka, maana wenye mashamba waliogopa nchi itabaki tupu.

Kwa hiyo mwizi wa shati ana nafasi nzuri ya kupatikana kuliko fundi mwadilifu aliyelipa nauli yake na kuondoka kimya kimya. Nalitaja hili kwa sababu linaeleza mengi. Hifadhi ya nyaraka imejaa hofu za serikali na mali za wenye mali. Wosia zilizothibitishwa na mahakama ya kanisa ya askofu mkuu wa Canterbury, kuanzia 1384 hadi 1858, ndizo hazina tamu kuliko zote kwa mtafutaji wa nasaba, kwani humo baba anaandika kwamba anamwachia mwanawe aliyeko Virginia paundi kadhaa na kitanda, na hapo hapo bahari inakuwa imevukwa. Lakini asiye na mali hakuwa na la kurithisha, hivyo hakuandika wosia. Ubatizo ndio uliowagusa wengi zaidi. Tangu 1538, kwa agizo la Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, kila parokia ya Uingereza ilitakiwa kuwa na daftari la ubatizo, ndoa na mazishi. Madaftari hayo hayako Kew. Yako kwenye hifadhi za majimbo, na mengine yaliliwa na panya na unyevu zamani sana.

Hata nasaba inayoonekana imara kuliko zote inaning'inia kwenye uzi mwembamba. Mayflower ilibeba abiria 102 mwaka 1620, na karibu nusu yao walikufa majira yale ya kwanza ya baridi. Orodha kamili ya abiria hao tunaijua kupitia mkono wa mtu mmoja, William Bradford, gavana wa koloni lao la Plymouth, aliyeiandika mwishoni mwa historia yake ya koloni. Muswada huo ulipotea Boston wakati wa vita vya uhuru. Ukaja kutambuliwa 1855 kwenye maktaba ya askofu wa London, Fulham. Wamarekani wakauomba, wakazungushwa, na mwaka 1897 mahakama ya kanisa ikaruhusu urudishwe Massachusetts. Mwaka huo huo chama cha wazao wa Mayflower kikazaliwa. Naomba msomaji aushike mwaka huo, 1897, tutauhitaji.

Ukali wa vyama hivi kuhusu ushahidi una sababu yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 Marekani ilikuwa soko la mababu wa kununua. Gustave Anjou, mzaliwa wa Sweden aliyeishi Staten Island, New York, alizitengenezea familia tajiri nasaba za kifahari za Kiingereza kwa kuchanganya hati halisi na hati ambazo hazijawahi kuwepo. Uongo wake bado unanakiliwa na watu wasiojua chanzo chake. Oscar Hartzell naye aliwaaminisha maelfu ya watu wa Iowa na majimbo jirani kwamba mali ya Sir Francis Drake, aliyefariki 1596, iko njiani kugawiwa, wao wachange tu gharama za kesi. Alihukumiwa 1933, na hata baada ya hukumu wapo waliomwamini. Baada ya mambo kama hayo ni halali chama kumwambia mwombaji: simulizi ya bibi yako ni nzuri, lakini tuletee cheti. Na kazi waliyoifanya si ndogo. Maktaba ya DAR mjini Washington, iliyoanzishwa 1896, ni miongoni mwa maktaba kubwa za nasaba nchini humo na inawafaa hata wasio wanachama.

Tatizo langu linaanza pale sharti hilo hilo moja linapowekwa mbele ya watu wawili ambao dola haikuwatendea sawa. Desemba 1662 bunge la Virginia lilipitisha sheria kwamba mtoto atafuata hali ya mama yake, awe huru au mtumwa. Sheria ile ilimpa bwana ruhusa ya kuzaa na mwanamke aliyemmiliki na kumweka mwanawe kwenye daftari la mali, pamoja na ng'ombe na vyungu. Jina la baba halikuandikwa kwa kuwa sheria ilishalifanya lisihitajike. Ndoa za watumwa hazikutambuliwa na sheria, kwa hiyo cheti cha ndoa hakipo na hakitapatikana. Katika sensa za Marekani za 1850 na 1860 watumwa waliorodheshwa chini ya jina la mmiliki: umri, jinsia, rangi, bila majina ila kwa nadra sana. Wengi wao wanaonekana kwa majina kwa mara ya kwanza katika sensa ya 1870, na watafiti wa nasaba za Wamarekani weusi huuita mwaka huo ukuta.

Upande wa Uingereza vitabu vya Royal African Company, kampuni ya Kiingereza iliyofanya biashara ya watumwa, vipo Kew, vimetunzwa vizuri, na vinasema ni watu wangapi walipakiwa na kwa bei gani. Majina hamna. Majina yanakuja kwa wingi baadaye, visiwa vya Karibi, katika madaftari ya watumwa ya 1813 hadi 1834, na sababu ni ile ile ya wasiwasi wa serikali: biashara ya watumwa ilikuwa imepigwa marufuku 1807 na London ilitaka kujua kama wenye mashamba wanaingiza wengine kimagendo. Mwanamke wa Trinidad akapata jina na umri kwenye karatasi ya Kiingereza kwa sababu serikali ilihofia magendo. Mwaka 1833 bunge liliidhinisha fidia ya paundi milioni 20. Fidia ilikwenda kwa wamiliki, na ili ilipwe, kila mmiliki aliandikwa kwa uangalifu. Leo mzao wa mmiliki anampata babu yake kwa kubofya mara mbili kwenye kanzidata ya Chuo Kikuu cha London, UCL. Mzao wa aliyemilikiwa anapata, akibahatika, jina moja lisilo na ukoo.

DAR yenyewe imepita njia ndefu. Mwaka 1939 ilimnyima mwimbaji Marian Anderson ukumbi wake wa Constitution Hall kwa sababu ni mweusi. Eleanor Roosevelt, mke wa rais, akajiuzulu uanachama, na Aprili 9 mwaka huo Anderson akaimba mbele ya watu 75,000 kwenye ngazi za mnara wa Lincoln. Mwanamke mweusi wa kwanza anayejulikana kuingia, Karen Batchelor wa Detroit, aliingia 1977. Miaka michache baadaye Lena Santos Ferguson alithibitisha nasaba yake kwa mtu wa jimbo la Maine aliyesaidia uhuru, na bado matawi ya Washington hayakutaka kumpokea. Ilibidi atishie kwenda mahakamani ndipo 1984 chama kikaweka katika katiba yake katazo la ubaguzi wa rangi. Mwaka 2008 DAR ilichapisha kitabu chenye majina zaidi ya 6,600 ya Waafrika na wenyeji wa Amerika waliotumikia vita vya uhuru. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito kwangu, kwa sababu chama hakikukaa kikisubiri karatasi iletwe mlangoni. Kilituma watu wakaitafute.

Sisi wa pwani tusijione wageni kwenye mjadala huu. Mwaka ule wa 1897 niliosema tuushike, mwezi Aprili, Sultani Hamoud bin Mohammed wa Zanzibar, kwa shinikizo la Uingereza, alitoa amri ya kufuta hadhi ya kisheria ya utumwa. Amri ile haikumwachia mtu huru palepale. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuomba, na bwana alilipwa fidia. Masuria waliachwa nje ya amri mpaka 1909. Hata hapa, karatasi zilipangwa kwa ajili ya hesabu ya bwana. Na kwetu vilevile wapo wenye silsila iliyoandikwa, inayopanda hadi Hadhramaut au Oman, inayosomwa harusini na kutundikwa ukutani, na wapo jirani zao ambao nasaba inaishia kwa bibi aliyeletwa na jahazi kutoka mrima, Myao au Mnyasa au Mmanyema, jina alilopewa likiwa la bwana wake. Tunasema mwacha asili ni mtumwa. Wale hawakuacha asili yao. Walinyang'anywa, na methali hiyo tumeendelea kuwasomea watoto wao. Binafsi naona ni dhuluma.

Kuhusu Kew kuna jambo linalotugusa zaidi. Mwaka 2011, wazee wa Kenya walipoishtaki serikali ya Uingereza kwa mateso ya wakati wa Mau Mau, serikali hiyo ililazimika kukiri kwamba inazo nyaraka za makoloni ya zamani zilizofichwa Hanslope Park, kaskazini mwa London: mafaili yaliyohamishwa kimya kimya wakati bendera zinashushwa. Mengine mengi yalichomwa moto kwa maelekezo. Mwaka 2013 Uingereza ilitangaza fidia ya paundi milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228. Mafaili yaliyosalia, ya makoloni 37, likiwemo la Kenya na la Tanganyika, yalipelekwa Kew na kupewa alama FCO 141. Kenya ilikuwa imeyaomba tangu 1967 ikakataliwa. Yako kule mpaka sasa.

Uingereza iliona mwaka 1897 kwamba kitabu cha Bradford, kilichoandikwa Massachusetts kuhusu watu wa Massachusetts, mahali pake ni Massachusetts. Hakuna sababu ya msingi ya kukataa hoja hiyo hiyo kwa faili lililoandikwa Nyeri kuhusu watu wa Nyeri. Anayesema karatasi zitatunzwa vizuri zaidi London akumbuke kwamba muswada wa Bradford ulikaa miaka mingi kwenye rafu ya askofu bila Massachusetts kujua kwamba upo.

Na vyama vya nasaba navidai jambo mahususi. Pale ambapo sheria ya koloni lenyewe ilizuia ndoa kuandikwa na jina la baba kutajwa, mwombaji asidaiwe cheti ambacho sheria hiyo iliharamisha. Apimwe kwa ushahidi uliopo, ukiunganishwa: orodha za mirathi za mabwana, ambamo mama na watoto wametajwa pamoja kwa bei, madaftari ya benki ya walioachwa huru, Freedman's Savings Bank, ya 1865 hadi 1874, ambamo mteja aliulizwa wazazi wake na ndugu zake ni nani na wengine wakamtaja bwana wa zamani, kumbukumbu za Freedmen's Bureau, ofisi ya serikali iliyowahudumia walioachwa huru, DNA, na simulizi ya ukoo inapokubaliana na hayo. Wanahistoria wanakubali ushahidi wa namna hiyo kila siku. Chama cha wazao wa waliovushwa Atlantiki, Sons and Daughters of the United States Middle Passage, kilichoanzishwa 2011, kimeshaonyesha kwamba mtumwa anaweza kuwa babu wa kujivunia hadharani, mwenye faili lake na namba yake kama mlowezi yeyote.

Kwa Mswahili aliyeko London ambaye hataki kusubiri serikali zielewane: kadi ya msomaji ya Kew ni bure. Nenda na kitambulisho na uthibitisho wa anwani, beba penseli kwa kuwa kalamu ya wino hairuhusiwi, agiza mafaili mapema kupitia tovuti yao, na piga picha kwa simu yako, hawatozi. Anza na FCO 141, kisha fuata za Ofisi ya Makoloni, CO 533 kwa Kenya na CO 691 kwa Tanganyika. Kila jina la mtu wa kwenu unalolikuta, liandike na kijiji chake na mwaka wake, ulitume nyumbani wazee wakiwa bado wapo wa kulitambua.